Kukimbia mbio za Moshi kuchangia wagonjwa wa kifafa: anzeni na hesabu ya vidonge

Kikundi kikishaamua kukimbia Kilimanjaro Marathon kuchangia wagonjwa wa kifafa, mjadala wa kwanza huwa ni fulana. Zambarau, sawa, ndiyo rangi ya kifafa duniani. Ila kabla ya fulana jiulizeni: fedha hizi zitamweka mgonjwa mmoja kwenye dawa kwa muda gani?

Mtu mzima aliyepangiwa fenobabitoni miligramu 60 kila usiku, kwa vidonge vya miligramu 30, humeza viwili kwa siku. Hivyo ni 730 kwa mwaka. Dawa hii ni ya bei nafuu, lakini ikikatwa ghafla inaweza kuleta kifafa kisichokatika, na hicho kinaua. Ndiyo maana kugawia watu 100 dawa za miezi miwili halafu mkapotea si msaada. Hela hiyohiyo inatosha wagonjwa 16 kwa mwaka mzima. Dozi ipangwe na kliniki, kikundi kisijipe kazi hiyo. Wekeni na nauli: anayetoka Rombo au Same mara nyingi hukwamishwa na nauli kuliko bei ya kidonge.

Ahadi za shilingi 1,000 kwa kilomita zinavutia watu. Nusu marathoni ni 21,000 kwa kila mchangiaji. Zikusanyeni kabla ya mbio, maana baada ya hapo simu hazipokelewi. Fedha ziingie akaunti ya kikundi yenye watia saini wasiopungua wawili, na makato ya kutuma na kutoa yahesabiwe mapema.

Mwenye kifafa anaweza kukimbia, akishauriana na daktari wake. Mazoezi yenyewe ni nadra kumwangusha. Kinachomwangusha zaidi ni usiku wa kuamkia mbio: kupata usingizi wa saa tatu tu kwa kiherehere, kisha kuruka dozi ya asubuhi kwa haraka ya kuwahi uwanjani. Dozi imezwe kwa saa yake ileile.

Halafu kuna maji. Wakimbiaji wa kilomita 42 wakishamaliza kipande cha barabara ya Dar es Salaam, hupanda kuelekea Mweka jua likiwa limeshapamba moto. Mtu hunywa kikombe kila kituo hata bila kiu, na maji matupu yakizidi, chumvi ya damu hushuka. Ikishuka sana, hata asiye na kifafa anaweza kuanguka na kukakamaa. Anayetumia kabamazepini, dawa nyingine ya kifafa, yuko hatarini zaidi, kwa kuwa dawa hiyo nayo hushusha chumvi. Anywe akisikia kiu, na tumbo likianza kujaa na kichwa kuuma asiongeze.

Watu wa vituo vya maji ndio wa kufundishwa kwanza, maana mtu akianguka wao ndio walio karibu. Tazama saa. Ondoa mawe na chupa, weka fulana iliyokunjwa chini ya kichwa, usimshike kwa nguvu wala usimtie kijiko mdomoni (kijiko huvunja meno, ulimi haumezwi). Mtukutiko ukiisha, mlaze ubavu ili povu litoke. Povu haliambukizi. Hilo lisemwe kwa sauti, maana kuna wanaoanguka jikoni na kuungua kwa kuwa waliokuwa karibu waliogopa kuwagusa.

Usimpe maji mpaka azinduke kabisa na kujua alipo. Mtukutiko ukipita dakika tano, au akaanguka tena kabla hajazinduka, gari la wagonjwa liitwe papo hapo. Asiyejulikana kuwa na kifafa apelekwe hospitali hata kama ameshakaa na anaongea: joto kali, sukari kushuka na upungufu wa chumvi vyote huangusha mtu kwa namna hiyohiyo, na pale barabarani huwezi kuvitofautisha kwa macho. Namba yake ya kifuani igeuzwe nyuma, maana ndipo panapoandikwa simu ya ndugu na dawa anazotumia. Kama kikundi chenu hakijaandika, kalamu igawiwe siku ya kuchukua namba.