Maji safi kijijini: yanayoaminiwa Pwani na yalivyo hasa

Wakazi wengi wa Mombasa kwao ni Kinango, Kaloleni, Ganze au Matuga, na kiangazi kikikaza, mchango wa kuchimba kisima huwa wa kwanza kuitishwa na ukoo. Fedha hizo ni jasho la watu. Zikiongozwa na imani zisizo kweli, huishia kwenye shimo lenye maji yasiyonyweka au pampu isiyotoa tone.

"Ukizidi kuchimba, utafika kwenye maji matamu."

Pwani mara nyingi huwa kinyume. Karibu na bahari, maji matamu ya mvua huelea juu ya maji ya chumvi yaliyopenya ndani ya mwamba wa matumbawe. Kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 chini ya usawa huo. Kwa hivyo kisima ambacho maji yake yamesimama nusu mita tu juu ya bahari, chumvi yake ipo kama mita 20 chini. Kuchimba zaidi, au kufunga pampu yenye nguvu, ni kuipandisha chumvi, na ikishapanda haiondoki upesi.

Ukielekea bara, tatizo ni miamba yenyewe. Upande wa Mariakani na Samburu kuna tabaka ambalo wanajiolojia wameliita Maji ya Chumvi, kwa jina la mahali palipo huko huko, na visima virefu vinavyolifikia mara nyingi hutoa maji ya chumvi. Basi kabla ya kumlipa mchimbaji, lipeni upimaji wa ardhi na mchukue kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Kisima kikishachimbwa, kijaribiwe kwa kuvutwa maji na sampuli ipelekwe maabara kabla ya kununua pampu. Chumvi zilizoyeyuka zikipita miligramu 1,000 kwa lita, wengi huanza kuona maji hayanyweki. Kuchemsha hakusaidii: mvuke huondoka, chumvi hubaki.

Penye ardhi ya namna hiyo, paa la mabati lina faida kuliko kisima. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita za mraba 40, mwaka wenye mvua ya milimita 600, hata ukitoa sehemu ya tano inayopotea, hukusanya lita 19,200. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi huosha vumbi na kinyesi cha ndege; kwa paa hilo, mwageni lita 40 za mwanzo. Tangi lifunikwe, na kila tundu liwekewe wavu mwembamba, maana mbu wa dengi na chikungunya hupenda kutaga humo.

"Maji maangavu hayana vijidudu, na ya chumvi ndiyo kabisa."

Vijidudu havionekani kwa macho. Shabu hutuliza tope, lakini haiui vijidudu. Imani ya chumvi ni ya hatari zaidi, kwa kuwa bakteria wa kipindupindu huishi vizuri katika maji ya chumvichumvi ya pwani. Kipimo cha mita 30 kati ya kisima na choo cha shimo hufaa penye udongo unaochuja. Mwamba wa matumbawe una nyufa, na uchafu husafiri ndani yake mbali na upesi. Huko maji ya kunywa yatiwe klorini, dawa ya kuua vijidudu, hata kama choo kiko mbali.

"Kisima kikiwa safi, na maji ya kunywa ni safi."

Hapa ndipo juhudi nyingi hupotea. Maji hutoka salama kwenye pampu, yakachafuliwa na mtungi wenye utelezi ndani, na mkono ulioshika kata. Mtungi wa lita 20 usuguliwe ndani kwa sabuni kila wiki. Mchanga na kokoto zikitikiswa ndani yake huondoa ule utelezi. Maji ya kunywa yakae katika chombo chenye mdomo mwembamba au koki, mkono usiweze kuingia.

Kisha tieni klorini. Dawa ya kung'arisha nguo isiyo na manukato wala sabuni, yenye klorini asilimia 3.5, ina takriban miligramu 35 katika kila mililita. Kinachotakiwa ni miligramu 2 kwa lita, kwa hivyo mtungi wa lita 20 wahitaji kama mililita 1.2. Pimeni kwa bomba la sindano, bila sindano yenyewe. Maji yenye ukungu yachujwe kwa kitambaa, kisha yapewe maradufu. Koroga, funika, ngoja dakika 30. Harufu hafifu ya klorini ni dalili njema. Isiponukia kabisa, huenda dawa imechakaa kwa jua au kwa kukaa muda mrefu.

"Maji lazima yachemke dakika ishirini."

Yakishatokota kwa mapovu makubwa, dakika 1 yatosha. Dakika nyingine zote ni kuni au makaa yanayoteketea bure.

"Faida ya maji safi ni kuepuka kuhara."

Kuhara ni sehemu tu. Safari ya kwenda, kupanga foleni na kurudi ikizidi dakika 30, nyumba hupunguza maji inayoteka, na cha kwanza kuachwa ni kuoga na kunawa. Ndipo upele na trakoma, ugonjwa wa macho unaoweza kupofusha, hushamiri, maradhi yanayotegemea wingi wa maji kuliko usafi wake. Kwa hiyo kisima cha chumvi kilicho karibu kisidharauliwe: ni cha kuogea na kufulia, matamu yabaki ya kunywa. Mtungi mmoja uliojaa ni kilo 20 kichwani mwa mama au msichana, na saa zinazookolewa ni zao, za shule na za shamba.

"Pampu ikishafungwa, kazi imekwisha."

Pampu ya mkono ya Afridev, iliyojaribiwa Kwale miaka ya 1980, iliundwa ili wanakijiji waitengeneze wenyewe. Huvuta maji hadi kina cha mita 45 hivi, na bomba lake la plastiki haliliwi na chumvi. Spana moja yatosha, na pistoni, yaani kizibo kinachopandisha maji, hutolewa kupitia ndani ya bomba bila kuling'oa. Maji yakichelewa asubuhi, kisha yakaja vizuri, vali ya chini, inayozuia maji yasirudi kisimani, inavuja usiku. Yakija kidogo wakati wote, raba ya pistoni imelika, au bomba lina ufa. Mpini ukiyumba, bushi, yaani pete ambazo mpini huchezea ndani yake, zimekwisha. Raba na bushi hubadilishwa kila mwaka, hata kama hazijaleta shida. Kwa hiyo mchango wa ukoo utenge fedha za vipuri tangu mwanzo, seti moja ikae kijijini, na watu wawili, mmoja wao mwanamke kati ya wanaoteka maji hapo, wafundishwe kuifungua siku ile ile inapofungwa.