Zanzibar si mkoa na wala si nchi jirani: tunayoambiana na yaliyoandikwa

Kila ikifika Aprili 26 mada ya Muungano inarudi na ubishi ni uleule, huyu anasema Zanzibar ni mkoa tu kama Tanga, yule anasema ni nchi kamili basi tu imebanwa, na wote hawajafungua katiba, ambazo ziko mbili: ya Muungano ya 1977 na ya Zanzibar ya 1984.

Tuanze na hii ya "mkoa". Mkoa gani una rais wake, jaji mkuu wake na chombo chake cha kutunga sheria? Zanzibar yenyewe ina mikoa 5 ndani yake, 3 Unguja na 2 Pemba, na wakuu wa hiyo mikoa anawateua Rais wa Zanzibar. Ardhi, afya, shule za msingi na sekondari, kilimo, utalii, yote hayo ni ya SMZ (Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar), kwa hiyo ukitaka kiwanja Paje, Unguja, usijisumbue kwenda wizara ya ardhi ya Dodoma, hawana la kukusaidia.

"Basi ni nchi huru kama Kenya." Hapana jamani. Ni kweli marekebisho ya 10 ya Katiba ya Zanzibar ya mwaka 2010 yameandika kabisa kwamba Zanzibar ni nchi, ila watu wanasomaga hapo wanafunga kitabu, kifungu kinachofuata kinasema ni miongoni mwa nchi mbili zinazounda Jamhuri ya Muungano. Ulinzi, mambo ya nje, uraia, polisi, uhamiaji, sarafu, hayo yamo kwenye orodha ya mambo ya Muungano, ilianza na mambo 11 mwaka 1964 sasa yapo 22. Ndo maana Zanzibar ilipojiunga na OIC, jumuiya ya nchi za Kiislamu, moto uliwaka hadi ikajitoa mwaka 1993, uanachama wa jumuiya ya kimataifa ni mambo ya nje na mambo ya nje si yake peke yake. Hata mpira, CAF (shirikisho la soka Afrika) waliwapa uanachama Machi 2017, watu wakashangilia, Julai ukafutwa.

Halafu kuna hii: "sheria ikipita Bungeni inatumika nchi nzima." Nusu nusu. Ibara ya 64 ya Katiba ya Muungano inataka sheria iwe imesema yenyewe kwamba inatumika Zanzibar au iwe inahusu jambo la Muungano, na Katiba ya Zanzibar kifungu cha 132 inaongeza kwamba waziri husika aipeleke mbele ya Baraza la Wawakilishi, yaani chombo cha kutunga sheria cha Zanzibar. Kwa hiyo unaposoma sheria yoyote ya Tanzania kaangalie kwanza vile vifungu vya mwanzo vinasema itatumika wapi, wengi wanaruka hapo ndo wanaanza kubishana hewani.

Ile inayosemwa sana ni kwamba Rais wa Muungano anamteua Rais wa Zanzibar na anaweza kumtoa akichoka naye. Kikatiba hakuna kitu kama hicho, anachaguliwa na wapiga kura wa Zanzibar chini ya ZEC (tume ya uchaguzi ya Zanzibar), na mpiga kura wa kule siku ya uchaguzi anapata karatasi 5: Rais wa Zanzibar, mwakilishi, diwani, halafu Rais wa Muungano na mbunge. Mi naona hii dhana haikutoka hewani lakini. Mwaka 1984 Aboud Jumbe aliachia urais wa Zanzibar baada ya kikao cha CCM Dodoma, na mpaka leo mgombea urais wa Zanzibar kwa tiketi ya CCM anapitishwa na Halmashauri Kuu ya Taifa ya chama, ambayo wajumbe wake wengi ni wa bara. Kwa hiyo mkono wa bara upo, ila unapitia kwenye chama, ukiutafuta kwenye katiba hutauona.

Wapo pia wanaodhani Rais wa Zanzibar ndo Makamu wa Rais wa Muungano moja kwa moja. Hiyo iliisha, tangu uchaguzi wa 1995 tuna mgombea mwenza. Rais wa Zanzibar amebaki kuwa mjumbe wa Baraza la Mawaziri la Muungano.

Na Serikali ya Umoja wa Kitaifa kule Zanzibar, yaani vyama kugawana serikali, si hisani ya mtu, imo kwenye Katiba ya Zanzibar baada ya kura ya maoni ya Julai 31, 2010 ambapo asilimia 66 na ushee walisema ndiyo. Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar anatoka chama kilichoshika nafasi ya pili, Makamu wa Pili anatoka chama cha Rais na ndo msimamizi wa shughuli za serikali barazani. Sema katiba peke yake haitoshi, baada ya chama cha upinzani cha CUF kususia uchaguzi wa marudio wa Machi 2016 kiti cha Makamu wa Kwanza kilikaa kitupu hadi 2020 kiongozi wa upinzani Maalim Seif aliporudi kukikalia.

Sheha, kiongozi wa shehia ambayo ni ngazi ya chini ya utawala Zanzibar, naye hachaguliwi kama mwenyekiti wa mtaa kule bara, anateuliwa.

Mwisho, maana hii inanichosha: kisiwa cha Mafia sio Zanzibar. Mjerumani aliichukua 1890 na sasa ni wilaya ya Mkoa wa Pwani, ukiwa na shida na mkuu wa mkoa nenda Kibaha.