Kasi ya mabadiliko: dhana zinazowaponza wanafunzi wa aljebra

Mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kukariri kanuni ya mteremko, yaani kasi ya mabadiliko inavyoonekana kwenye mstari wa grafu, akaiandika vizuri ubaoni, na bado akakosa swali. Mara nyingi kinachomponza ni kudhani kwamba kasi ya mabadiliko ni namba moja kugawa kwa nyingine. Sivyo. Ni badiliko la y kugawa kwa badiliko la x.

Dhana: chukua y, gawa kwa x, umemaliza

Tuchukue simtanki la lita 1,000, maana hapa Dar maji yakitoka usiku kila mtu hukimbilia koki. Saa 2:00 usiku tanki lina lita 180 zilizobaki tangu mchana. Koki inafunguliwa. Saa 2:40 limefika lita 780. Maji yanaingia kwa kasi gani?

Wengi huandika 780 ÷ 40 = 19.5. Jibu hilo limehesabu hata zile lita 180 zilizokuwamo kabla koki haijafunguliwa. Yaliyoingia ni 780 − 180, yaani lita 600. Gawa kwa dakika 40, unapata lita 15 kwa dakika.

Tofauti hiyo si ndogo. Zimebaki lita 220 tanki lijae. Anayeshika 19.5 atasubiri dakika 11 na ushee, wakati maji yanahitaji karibu dakika 15. Mlinganyo wake ni y = 15x + 180, y ikiwa ni lita zilizomo na x ikiwa ni dakika tangu koki ifunguliwe: 15 ndiyo kasi, 180 ni pa kuanzia. Kugawa y kwa x kungeleta jibu sahihi kama tanki lingeanza likiwa tupu, na nadhani dhana hii inaota mizizi kwa sababu mifano mingi ya mwanzo darasani huanzia sifuri. Walimu wenzangu, tuanze na tanki lenye maji.

Dhana: kitu kikiongezeka, kasi yake nayo inaongezeka

Sensa inajibu vizuri. Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu karibu milioni 2.5 mwaka 2002, milioni 4.36 mwaka 2012, na milioni 5.38 mwaka 2022. Idadi imepanda mara zote mbili. Sasa toa. Miaka 10 ya kwanza waliongezeka watu milioni 1.86, wastani wa kama 186,000 kwa mwaka. Miaka 10 iliyofuata ni milioni 1.02, kama 102,000 kwa mwaka. Watu wamezidi kuongezeka, ila kasi ya kuongezeka imeshuka. Kwenye grafu mstari bado unapanda, lakini umelala zaidi.

Anayeng'ang'ania ile dhana ya kwanza na agawe milioni 5.38 kwa 2022. Atapata 2,660 na ushee, kisha ajaribu kueleza hizo 2,660 ni za nini.

Dhana: wastani wa mwendo ni kujumlisha kasi mbili na kugawa kwa 2

Tuseme kutoka Mbagala hadi Posta ni kilomita 12. Asubuhi, kwenye foleni, unatumia saa nzima: kilomita 12 kwa saa. Usiku barabara ni nyeupe, unarudi kwa dakika 20: kilomita 36 kwa saa. Wastani si 24. Umekwenda kilomita 24 kwa dakika 80, sawa na kilomita 18 kwa saa. Foleni imekula muda mrefu zaidi, kwa hiyo ina uzito mkubwa zaidi kwenye hesabu.

Dhana: lazima uanze na nukta ya pili, na jibu hasi ni kosa

Tanki letu lina nukta mbili kwenye grafu: dakika 0 na lita 180, kisha dakika 40 na lita 780. Anza na nukta yoyote, mradi iwe ileile juu na chini ya mgawanyo: (180 − 780) ÷ (0 − 40) bado ni 15. Ukichanganya, unapata −15, kana kwamba tanki linavuja. Lakini hasi si kosa pale kitu kinapopungua kweli. Na tanki linalopoteza maji kwa −20 linaisha haraka kuliko la −5, ingawa −20 ni namba ndogo zaidi.

Dhana: mlalo na wima ni hali ileile

Mstari wa mlalo una mteremko wa sifuri: koki imefungwa, dakika zinapita, lita ni zilezile. Mstari wa wima hauna mteremko kabisa, kwa kuwa badiliko la x ni sifuri, na hakuna namba inayogawika kwa sifuri.