Namba kwenye boksi la adapta za pawalaini sio spidi utakayopata

Adapta za pawalaini ni zile unazochomeka kwenye soketi, moja karibu na ruta na nyingine chumba kingine, zikapitisha intaneti kwenye nyaya za umeme za nyumba. Wiki hii tu nimeulizwa mara tatu, "fundi, nimechukua ile ya 1200, mbona nikipima napata 45?" (namba zote hizi za spidi ni megabiti kwa sekunde, Mbps). Na nikijibu naonekana namvunja mtu moyo, wakati hela ameshatoa. Acha niandike hapa, maana naumia kuona mtu anaongeza hela kwa ajili ya namba ambayo nyumba yake haiwezi kuifikia.

Dhana: "Imeandikwa 1200, basi nitapata 1200"

Hapana jamani. Ile namba ni spidi ghafi ya kwenye waya, kwenda na kurudi vimejumlishwa pamoja, waya msafi usio na kitu kingine juu yake. Nyumbani kwako waya huo huo umebeba friji, feni, chaja za simu, taa za LED za bei rahisi, na vingi kati ya hivyo vinapiga kelele za umeme kwenye masafa yale yale ambayo adapta inayatumia, HomePlug AV, ambayo ni lugha adapta nyingi zinayotumia kuongea, inacheza kati ya megahezi 2 na 30 hivi, toleo lake la AV2 linapanda mpaka 86. Adapta ikisikia kelele inapunguza spidi yenyewe ili data isiharibike njiani. Halafu adapta zinapokezana, moja ikituma nyingine inasikiliza, kwa hiyo hata ile iliyobaki ni ya kugawana. Mimi mteja namwambia ategemee robo ya namba ya boksi kama nyaya ni nzuri na soketi ziko karibu, na sehemu moja ya kumi kama nyumba ni ya zamani na imeungwaungwa. Sasa chukua 1200 ugawe kwa kumi halafu ondoa kelele za chaja mbili, utaona ile 45 inatokea wapi.

Kinachoniuma zaidi ni poti. Adapta nyingi za 500 na 600 poti yake ya kebo ni ya 100, kwa mfano TP-Link TL-PA4010 ni ya daraja la 600 na poti yake ni ya 100, imeandikwa wazi kwenye karatasi ya maelezo ila watu wanasoma namba kubwa tu. Hapo hata nyaya zako ziwe za dhahabu, kompyuta haitaona zaidi ya 95 hivi. Ukiwa dukani usiulize "hii ni ya ngapi", uliza "poti yake ni gigabiti?", yaani ya 1000

La tatu ni ethi, yaani waya wa usalama unaoshuka ardhini. Adapta nyingi za 1200 kwenda juu zinaifikia ile namba kwa kutumia nyaya zote tatu, fezi, nyutro na ethi. Nimefungua soketi nyingi sana Dar zenye matundu matatu mazuri kabisa, nyuma waya wa ethi haujaungwa popote, au umeungwa lakini fimbo ya ethi iliyochomekwa ardhini nje ilishang'olewa siku walipomwaga zege la uani. Nyumba kama hiyo adapta ya 1200 inarudi kufanya kazi kwa nyaya mbili, umelipia waya wa tatu ambao haupo. Na ukigundua hivyo acha kwanza habari za intaneti, tafuta fundi umeme mwenye leseni aitengeneze, kwa sababu ethi ndiyo inayokulinda wewe na watoto siku jiko au pasi ikivuja umeme.

Halafu angalia bando lako. Kuna mzee mmoja Tabata bando lake ni la 20, alitaka tumfungie pea ya 2000 kwa sababu mwanae alimwambia ndiyo yenye nguvu. Nikamfungia ya 600, chumba cha uani inatoa 60, mara tatu ya kile anacholipia, hela iliyobaki akanunua betri ya ruta. Ukiwa na bando la 20 au 30 pea ya 600 inakutosha kabisa. Ukiwa na la 100 na kuendelea tafuta ya 1000 yenye poti ya gigabiti, zipo zinazotumia fezi na nyutro tu kwa hiyo hata ethi hazitegemei. Zaidi ya hapo ukiweza kutoboa ukuta vuta kebo ya mtandao ya Cat6, usinunue adapta yoyote, hata za kwangu.

Dhana: "Soketi zimejaa, nitachomeka kwenye ekstensheni"

Usichomeke. Zile ekstensheni zenye kinga ya umeme mara nyingi zina filta ndani, na kazi ya filta ni kuua masafa ya aina hiyo hiyo, kwa hiyo inaua na mtandao wako. Stabilaiza, friji gadi na UPS ni vilevile. Adapta iingie ukutani moja kwa moja, ekstensheni iende kwa tivii.

Dhana: "Itamaliza LUKU"

Adapta moja inakula kama wati 3. Iwashe saa 24 siku 30 inafika unit 2 na kidogo, pea nzima unit 4 na ushee.

Dhana: "Jirani hawezi kuingia kwenye mtandao wangu, kila mtu ana nyumba yake"

Kwenye nyumba ya kupanga mnayotumia mita au fezi moja kwa pamoja, anaweza. Nyingi zinatoka kiwandani na nenosiri moja linalofanana, kwa hiyo bonyeza kitufe cha Pair kwenye zote mbili siku ile ile unayozifunga, zitatengeneza nenosiri lao, ulinzi wa AES wa biti 128, unaofunga data isisomwe na mwingine, upo tayari ndani, ila mlango lazima uufunge wewe.

Dhana: "Zote zinaelewana"

HomePlug AV na AV2 zinaelewana hata kampuni zikiwa tofauti. Za G.hn, ambayo ni lugha nyingine ya pawalaini, kama zile zinazoandikwa 2400, haziongei na HomePlug kabisa. Nunua pea kwenye boksi moja.

Kabla hujasema mbovu zijaribu hivi, zichomeke zote mbili chumba kimoja soketi mbili tofauti, pima, halafu hamisha moja chumba kwa chumba ukiwa unapima. Kama chumba kimoja tu ndicho kinaanguka, labda kiko kwenye fezi nyingine. Na kama nyumba ina inverta, angalia soketi zipi zinalishwa na inverta na zipi za TANESCO moja kwa moja, maana adapta moja ikiwa huku na nyingine kule mara nyingi hazionani kabisa, zihamishie upande mmoja halafu pima tena ndipo unipigie.