Kichupa cha 30C na upele wa laka

Mgonjwa alinionyesha mkono kwanza, kisha kichupa cha vidonge. Mkononi, malengelenge yalikuwa yamejipanga mistari mistari, kama vile kuna mtu aliyemchora kwa kijiti. Ndipo utomvu wa laka asilia, rangi ya kung'arisha itokanayo na mti, ulipopita alipokuwa akipaka. Kwenye kichupa, lebo ilisema Rhus toxicodendron 30C, dawa ya homiopathi itokanayo na mmea unaowasha vilevile. "Daktari, zimeshaanza kunisaidia," akasema. Ilikuwa siku ya kumi na mbili ya upele.

Mimi nilikwama kwenye hiyo kumi na mbili.

Kinachowasha ni urushioli, mafuta yaliyomo kwenye utomvu wa mti wa laka na ndugu zake, wakiwemo mimea ya porini ya Marekani Kaskazini inayoogopwa na wapanda milima. Jina limetokana na neno la Kijapani urushi, yaani laka yenyewe. Mafuta haya hayaunguzi kama tindikali. Hupenya ngozini na kujishikiza kwenye protini za mwili, kinga ikadhani ni mgeni na kuzishambulia. Aliyekwisha kupata mzio huanza kuwashwa baada ya siku moja au mbili. Wa mara ya kwanza huweza kukaa wiki moja au zaidi bila dalili. Kisha, kwa wengi, upele huisha wenyewe ndani ya wiki mbili hadi tatu. Kwa hiyo chochote utakachomeza upele ukiwa umefika kileleni kitapewa sifa ya kuuponya.

Homiopathi ilianzia kwa daktari Mjerumani, Samuel Hahnemann, aliyeandika mwaka 1796 kwamba kinachomletea mtu mwenye afya dalili fulani humponya mgonjwa mwenye dalili kama hizo. Ndiyo maana mmea unaowasha umefanywa dawa ya muwasho. 30C maana yake ni kuzimua sehemu moja kwa mia, mara 30: yaani sehemu moja kwa 1 ikifuatwa na sifuri 60. Ukipita 12C, kubaki na molekuli hata moja ya mmea ni bahati nasibu. Vile vidonge vyake vilikuwa sukari, basi, na sikuona sababu ya kumgombeza.

Ninachokiogopa ni kinyume chake: maji ya mmea kabla hayajazimuliwa, au yaliyozimuliwa kidogo tu. Hayo yanaweza kuwa na urushioli kweli, na kumnywesha mwenye mzio ni kumtafutia upele mwili mzima. Jina kwenye lebo ni lilelile. Kinachotofautiana ni herufi na tarakimu za pembeni, ambazo wanunuzi wengi hawazisomi.

Nilimpa krimu kali ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, na kitambaa cha maji baridi. Ingekuwa uso au sehemu za siri, ningempa prednisoloni, steroidi ya kumeza, kwa wiki mbili au tatu, nikipunguza taratibu. Wanaoacha siku ya tano mara nyingi hurudi wakiwa wamevimba tena. Na kwa wanaouliza: hapana, maji ya malengelenge hayasambazi upele, hayana urushioli.

Utomvu ukikugusa, osha kwa sabuni na maji mengi mara moja, hata chini ya kucha. Usichome mimea hii: moshi wake huingia mapafuni.

Laka ikishakauka kabisa kwa kawaida haiwashi, lakini iliyobaki mbichi kwenye vifaa huwasha kwa muda mrefu. Nikamuuliza mpini wa brashi ameusafishaje. Akautazama mkono wake wa kulia, kimya.