Dk. Wily hakuwa kichaa: dhana potofu kuhusu adui mkuu wa Mega Man

Nilimfahamu Dk. Wily kabla sijaweza kusoma jina lake. Alikuwa ndani ya kaseti ya manjano, zile za mashine za bei nafuu zilizoiga Famicom, mashine ya michezo ya video ya Nintendo, ambayo binamu yangu aliichomeka kwenye televisheni ya sebuleni wakati wa likizo. Kaseti yetu ilikuwa imenakiliwa kutoka toleo la Japani, kwa hiyo mchezo uliitwa Rockman, jina la Kijapani la Mega Man, na maelezo yake yote yalikuwa ya Kijapani. Hatukuelewa hata neno. Hadithi tukaitunga wenyewe: yule mzee mwenye nywele nyeupe zilizosimama pande mbili za upara ni kichaa, maroboti wote kawaunda yeye, na ukishampiga mara ya mwisho amekufa.

Nilipokuja kuucheza mfululizo wote katika lugha ninayoielewa, niliona kwamba karibu kila tulichoamini hakimo. Lakini mpaka leo nawasikia watu wazima, mashabiki kabisa, wakiyarudia yale yale. Huyu mzee ni mhusika aliyeandikwa kwa uangalifu kuliko anavyodhaniwa, na ningependa asemwe kwa haki, hata kama ni mwovu.

Dhana: Wily ndiye aliyewaunda maroboti wa gemu ya kwanza

Naanza na hii kwa sababu ukiikosea, mengine yote yatakupotea. Kampuni ya Capcom iliitoa gemu ya kwanza Japani mnamo Desemba 1987, ikiwa na mabosi sita, yaani maadui wakuu wa kila hatua: Cut Man, Guts Man, Ice Man, Bomb Man, Fire Man na Elec Man. Wote sita ni kazi ya mikono ya Dk. Thomas Light, mwanasayansi mwema wa hadithi hii, na hakuna hata mmoja aliyeundwa kupigana. Cut Man alikuwa mkata miti. Guts Man alibeba mawe kwenye ujenzi. Fire Man aliteketeza taka, na Elec Man alisimamia umeme. Wily aliwaiba, akabadilisha programu zao, akawageuza jeshi. Mega Man mwenyewe, shujaa unayemchezesha, alikuwa roboti wa kazi za nyumbani aitwaye Rock, akajitolea abadilishwe awe mpiganaji ili akawazuie wenzake. Ni ndugu wa nyumba moja wanaopigana, na hilo linabadilisha uzito wa kila risasi unayofyatua.

Mkanganyiko huu una chanzo. Kijitabu cha toleo la Marekani kilikuja na hadithi yake: mambo yanatokea mahali paitwapo Monsteropolis, Light anaandikwa Dk. Wright, na Wily ni msaidizi aliyeshirikiana naye kuunda wale maroboti. Katika hadithi iliyoendelezwa baadaye na gemu zenyewe, Wily hakuwa msaidizi wa mtu. Alikuwa mwenzake Light na mshindani wake.

Maroboti wakuu walio wake mwenyewe walikuja katika Mega Man 2, mwaka 1988, na humo ndimo utajua kwamba fundi alikuwa fundi. Nenda kwa Quick Man, mmoja wa mabosi wa humo. Unajitupa kwenye shimo refu, na kabla hujagusa chini mihimili ya mwanga inachomoza kutoka kwenye kuta, kushoto na kulia. Mmoja ukikugusa, umekwisha, hata kama nguvu zako zimejaa. Sisi tulikariri shimo lile kama tunavyokariri jedwali la kuzidisha: kulia, dondoka, kushoto, ngoja, dondoka. Siku binamu yangu alipogundua kwamba silaha ya Flash Man, ile unayoipata ukimshinda na inayosimamisha muda, huigandisha ile mihimili, alipiga ukelele mpaka mama mkubwa akatoka jikoni kuja kuuliza nani kaumia.

Lakini tazama anavyorudia tabia ya gemu ya kwanza. Katika Mega Man 4 (1991) anatumia maroboti wa Dk. Cossack wa Urusi, baada ya kumteka binti yake, Kalinka. Katika Mega Man 6 (1993) anawanyakua walioletwa kwenye mashindano kutoka nchi mbalimbali. Katika Mega Man 9 (2008) anarudi tena kwa maroboti wa Light, safari hii wale ambao muda wao wa matumizi ulikuwa unakwisha na walikuwa wanakaribia kutupwa. Aliwakuta na hofu yao, akawaambia walichotamani kusikia. Katika Mega Man 11 (2018) anaingia maabara ya Light na kuondoka na maroboti waliokuwa wamepelekwa matengenezo. Mtu mwenye uwezo wa kuunda vyake, na bado mkono unakwenda kwenye cha mwenzake. Huyo hatumwiti kichaa. Kwetu ana jina: hasidi.

Dhana: ni mwendawazimu, akili zilimruka

Kwa miaka 30 gemu zilituachia tuamini hivyo. Sura ilichorwa kwa kumfuata Albert Einstein, jina la kwanza akapewa hilo hilo la Albert, kisha akawekewa ngome yenye fuvu la kichwa na chombo cha kurukia cha mviringo. Ukiona vitu hivyo unahitimisha haraka.

Mega Man 11 inafunguka na ndoto. Wily ni kijana, yuko chuoni, amesimama mbele ya jopo pamoja na Light. Light anatetea maroboti wenye uwezo wa kufikiri wenyewe na kuishi na binadamu kama wenzi. Wily anatetea mfumo wake wa Double Gear, unaoweza kumwongezea roboti yeyote kasi au nguvu kwa muda mfupi. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi: kwa mfumo ule, hata roboti wa kawaida kabisa angeweza kuwa shujaa. Light anahofia kwamba mfumo unawachosha maroboti na ni hatari ukiangukia mikono mibaya. Jopo linamuunga mkono Light, na utafiti wa Wily unasimamishwa. Mzee anaamka kitandani na hasira ileile, mbichi kama ya jana.

Nilipoiona sehemu ile nilisimamisha mchezo nikakaa kidogo. Gemu haisemi Wily alionewa. Haisemi pia kwamba alizaliwa na kasoro kichwani. Inamwonyesha mtu mwenye akili timamu aliyeshindwa hoja moja mbele ya rafiki yake, akakataa kuimeza, na kila alichofanya baadaye ni kurudi mbele ya jopo lile kudai hukumu nyingine. Mipango yake ina subira, na ana hata mpango wa akiba: Mega Man 7 (1995) inaanza akiwa gerezani, na maroboti wanne aliowaficha wanaamka wenyewe kumtafuta kwa kuwa hawajapata habari zake kwa miezi sita. Mwendawazimu hafanyi hesabu za namna hiyo.

Kuna jambo dogo ambalo wengi hulipita. Light alikuwa amehifadhi sampuli ya kwanza ya Double Gear miaka yote ile. Mega Man anaomba awekewe, na ndiyo anayoitumia kumshinda Wily. Silaha iliyomwangusha mzee ni wazo lake mwenyewe la ujanani. Light, kwa maoni yangu, ana sehemu ya deni hapa: alikuwa sahihi kuhusu hatari, lakini wazo la rafiki yake lilikaa kabatini mpaka vita vilipobisha hodi.

Dhana: Wily ni kiumbe kutoka anga za mbali

Hii hutoka kwa waliofika mwisho wa Mega Man 2, na siwalaumu. Umeshamaliza mashine yake ya mwisho, unadondoka kwenye pango lisilo na muziki wowote, matone tu yanatiririka kutoka juu. Unafika mwisho, Wily yupo, na ghafla anageuka kiumbe wa kijani katikati ya nyota. Silaha inayomdhuru ni moja tu, Bubble Lead ya Bubble Man, mpira mzito wa maji unaobingirika chini. Ukiwa umeimaliza njiani, umekwama.

Ukimshinda, picha inatoweka. Pembeni kuna mtambo, na Wily yuko nyuma yake akiuendesha. Kiumbe yule alikuwa taswira ya mwanga tu. Mzee anaruka chini na kupiga magoti kuomba msamaha, paji la uso sakafuni, kama Wajapani wanavyoomba radhi wanapojishusha kabisa. Siku zile, kwa kuwa maneno hatukuyaelewa, tulidhani amelegea kwa majeraha.

Alikufa, hakufa

Katika Mega Man 3 (1990) ngome inaanguka na mawe yanamfunika. Wengi waliishia hapo wakasema kafa. Anarudi katika ya nne, tena kwa kujificha nyuma ya Cossack. Katika ya tano (1992) uovu unafanywa na anayefanana na Proto Man, roboti mwingine wa hadithi hii, kumbe ni Dark Man, roboti wa Wily. Katika ya sita anajiita Mr. X, na hapo sidhani kuna aliyedanganyika. Kuhusu Proto Man, wapo wanaoamini ni mwana wa Wily kwa sababu katuni ya Marekani ya mwaka 1994 ilimweka upande wake. Kwenye gemu aliyemuunda ni Light, tena kabla ya Mega Man. Wily alimkuta ameharibika akamtengeneza.

Dhana: Mega Man aliwahi kutaka kumuua

Hili lina ukweli nusu, na nusu hiyo inategemea umecheza kwa lugha gani. Mwishoni mwa Mega Man 7 Wily yuko chini, Mega Man amemwelekezea mtutu. Wily anamkumbusha kwamba roboti hawezi kumdhuru binadamu. Katika toleo la Kiingereza Mega Man anajibu kwamba yeye ni zaidi ya roboti, na anamwambia Wily afe. Katika toleo la Kijapani hasemi kitu. Anasimama kimya, mtutu umeinuliwa, mpaka jengo linapoanza kuporomoka na Bass, roboti wa Wily, anakuja kumchukua mzee.

Nimeyacheza yote mawili na naona yale ya kimya ndiyo yenye uzito. Kijana aliyeundwa kwa kazi za nyumbani anapima kama atavunja sheria iliyo ndani ya mwili wake, na hapati jibu. Walioongeza maneno walimpa uamuzi ambao hakuwa ameufikia.

Dhana: Dk. Weil ni Wily aliyebadilisha jina

Majina yanakaribiana, wote ni wanasayansi waovu, na mfululizo wa Mega Man Zero uko mbele sana kwenye hadithi hiyo hiyo. Hata hivyo ni watu wawili. Weil, anayejitokeza katika Mega Man Zero 3 ya mwaka 2004, ni mtu wa zama zake, anayehusishwa na Vita vya Elf, vita vya zamani katika hadithi ya mfululizo huo. Hata kwa Kijapani majina yao ni tofauti.

Kiungo halisi kati ya Wily na zama hizo ni Zero mwenyewe, roboti shujaa wa mfululizo huo. Katika gemu ya mashine za kumbi za michezo ya mwaka 1996, The Power Fighters, ukimaliza na Bass, Wily anamwonyesha mchoro wa roboti mpya mwenye nywele ndefu. Katika Mega Man X4 (1997), Zero anaota kivuli cha mzee kikimwamuru akamwangamize adui. Kwa hiyo ndiyo, Zero ni wake. Lakini ile habari kwamba Zero ndiye aliyemuua Mega Man na nyumba nzima ya Light ni dhana ya mashabiki. Hakuna gemu inayoonyesha hivyo.

Na ukimkuta Wily kiongozi wa kundi la WWW katika mfululizo wa Mega Man Battle Network ulioanza mwaka 2001, mwenye mtoto aitwaye Regal, ujue huo ni ulimwengu mwingine, ambamo mitandao ndiyo iliyoshika nafasi ya maroboti. Usiunganishe ukoo.

Dhana: hana chembe ya utu

Katika Mega Man 9, anapopiga magoti kama kawaida yake, Mega Man anamwonyesha picha za mara zote zilizotangulia alizoomba msamaha na kusaliti. Ni hukumu ya haki, na nilidhani waandishi wamefunga faili lake.

Kisha ikaja Mega Man 10 mwaka 2010. Maroboti wanaugua homa iitwayo Roboenza, ambayo chanzo chake ni Wily mwenyewe. Kote duniani wanaanguka au wanachanganyikiwa. Mwisho wa gemu ni mzee aliyeshikwa na homa, homa ya kweli ya binadamu, hata kupigana hawezi tena. Mega Man, ambaye ameona yote, anambeba hadi hospitali.

Wakija kumtazama, kitanda ni kitupu. Katoroka, kama ilivyotarajiwa. Ila ameacha dawa za Roboenza, za kuwatosha maroboti wote waliokuwa wanaumwa.