Kirusi cha BK: acheni kujiongezea kinga

Wiki hii nimeulizwa swali lilelile na wagonjwa watatu waliopandikizwa figo, wenye BK, kirusi kinachoweza kuharibu figo hiyo, na kila mmoja alikuja na kopo lake mkobani. Wa kwanza unga wa mlonge, wa pili tangawizi iliyosagwa na kitunguu saumu, wa tatu chupa ya majani isiyo na lebo, kainunua sokoni Mbuyuni. "Daktari, si ulisema kirusi kimeamka kwa sababu kinga imeshuka? Basi si niipandishe?"

Hapana, mama yangu. Hapana, mzee.

Figo uliyowekewa, iwe Muhimbili, Dodoma au India, mwili wako unaiona ni mgeni na ungeishambulia leo hii. Kinachouzuia ni dawa za kushusha kinga: takrolimusi, mikofenoleti na prednisoloni. Kinga hiyo hiyo tuliyoilaza ili figo ipone ndiyo inayompa BK nafasi ya kuamka. Sasa, kama kweli ule unga unaamsha kinga jinsi muuzaji anavyodai, utaiamsha pia ile inayoikataa figo. Kama hauamshi, hela yako imekwenda bure. Tena baadhi ya mimea na matunda huvuruga kiwango cha takrolimusi kwenye damu. Balungi, kwa mfano, hukipandisha, na kikipanda kinga inazidi kushuka, kirusi kinazidi kuzaana. Umekunywa ukitafuta kinga, ukaishia kuipunguza.

Wengine wameelewa nusu: wamesikia kwamba tiba ya BK ni kupunguza dawa, wakaanza kukata vidonge wenyewe nyumbani. Hawa ndio wananikosesha usingizi. Ni kweli tunapunguza, kwa kuwa mpaka sasa hakuna dawa iliyothibitishwa kuua kirusi hiki, na antibiotiki hazikigusi kabisa. Lakini tunashusha kwa hatua, tunapima wingi wa kirusi kwenye damu, tunaangalia kreatinini, ile taka ya kwenye damu inayopanda figo ikiumia, ndipo tunaamua hatua inayofuata. Ukishusha gizani, mwili unaikataa figo. Na hapo ndipo ugumu ulipo: kirusi kikiharibu figo, kreatinini inapanda, mwili ukiikataa figo, kreatinini inapanda vilevile. Tiba zake zinapingana. Mmoja anahitaji dawa za kushusha kinga zipunguzwe, mwingine anahitaji ziongezwe. Ndiyo maana tunakuomba tuchukue kinyama kidogo cha figo kwa sindano. Hatukusumbui, tunaogopa kukupa tiba ya kinyume. Ukituficha kwamba ulikata vidonge, umetuondolea kidokezo muhimu kuliko vyote.

"Kaka yangu aliyenitolea figo ndiye aliyenipa ugonjwa." Nimesikia maneno haya yakivunja undugu. Watu wazima walio wengi walikipata BK utotoni bila kujua, kikalala kwenye figo na njia ya mkojo. Kinaweza kuja na figo ya kaka, kinaweza kuwa chako mwenyewe cha zamani. Kaka hana kosa, na yeye mwenye kinga kamili hakimdhuru.

Si kirusi kipya pia. Kilitambuliwa London mwaka 1971 kwenye mkojo wa mgonjwa aliyepandikizwa figo, na BK ni herufi za kwanza za majina ya mgonjwa huyo.

"Nakojoa vizuri, siumwi." BK haileti homa, mara nyingi haileti maumivu yoyote. Utakapoanza kujisikia vibaya, figo imeshaumia. Kirusi kinaonekana kwenye damu kabla kreatinini haijapanda, kwa hiyo pima kila mwezi katika miezi ya mwanzo, hata ukiwa unapanda mlima na kushuka.

Na jambo moja ninalolirudia mpaka wauguzi wananicheka: siku ya kupima takrolimusi, usimeze kidonge cha asubuhi kabla ya kutolewa damu. Najua unatoka Rombo au Same, umeamka saa kumi usiku, na mazoea ni kumeza kabla ya kupanda gari. Kiweke mfukoni. Tukishatoa damu, kimeze hapo hapo mbele yangu.